Rangi ya Geti

“Nakuuliza tena, jirani. Nani alikutuma useme?”

“Shemeji, punguza sauti.”

“Sipunguzi. Jana nilinyamaza kutwa, leo nafidia. Nani alikutuma?”

Dereva Teksi alikuwa akiosha gari lake. Sasa alikuwa amesimama tu, kitambaa mkononi, maji ya sabuni yakimchuruzika mpaka kwenye ndala. Mama Masufuria alikuwa ng’ambo ya ukuta unaotenganisha nyumba zao, ukuta mfupi ambao tofali zake za juu zimelainika kwa viwiko vya watu walioegemea kuongea miaka nenda rudi. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na tayari bombani palikuwa na foleni ya watu ambao ndoo zao zilishajaa.

“Mume wangu Jumatatu alikwambia mkanda,” alisema Mama Masufuria. “Yeye kabaki barabarani kulinda viti vyetu, wewe umelivuta gari kwa kamba mpaka gereji. Asante, Mungu akulipe. Ujumbe ulikuwa neno moja. Mkanda umekatika, ufungwe mwingine. Kuna neno jingine hapo?”

“Na mimi nilisema mkanda.”

“Ukaongeza.”

“Nikaongeza nini?”

“‘Na ukiona kingine fanya tu, mwenyewe si mtu wa shida.’ Profesa wa gereji alimsomea mume wangu maneno hayo jana kama anasoma cheti cha ndoa.”

Bombani mtu alikohoa. Dereva Teksi aliliangalia gari lake, kana kwamba lingemsaidia.

“Nilisema kwa wema, shemeji. Kaka mwenyewe wiki iliyopita kaniambia klachi inateleza. Profesa akaniuliza, hili je, na hili je, nikaona nikisema sijui nitaonekana mtu wa ovyo. Na Profesa ni mtu wangu! Mimi juzi Jumanne kanifungia alternata ya mtumba, ile ya kuchaji betri, nzima kama yai, nusu ya bei ya dukani. Taa ya betri imezimika, redio inaimba. Angekuwa mwizi, angenifanyia hivyo mimi?”

“Wewe hukuletewa karatasi ya laki mbili na elfu kumi na nne.”

Hapo hata waliokuwa wakijifanya kufunga bomba waliacha kujifanya. Mkanda wa gari, kila mtu pale alijua, ni elfu nane, na ukibembeleza, saba.

Ndani ya ua wa upande wa pili mwenye gari mwenyewe alikuwa amekaa juu ya rundo la viti vyake vya plastiki, amejiinamia. Mtaa unamwita Turubai, kwa sababu ndiye anayefunga maturubai kwenye shughuli za watu. Mkewe anakodisha viti, sahani na masufuria makubwa ya kupikia. Kazi yote hiyo ina miguu minne tu, na miguu hiyo ni pikapu kuukuu ambayo sasa ilikuwa imefungiwa gereji. Jumamosi saa mbili asubuhi shule ya sekondari ya barabara ya juu ingefanya mahafali. Viti mia tatu na maturubai mawili. Malipo ya awali walishayapokea na kuyatumia, na Mwalimu Mkuu alikuwa ameshasema kwamba mwaka huu akiridhika, hatatafuta mtu mwingine tena. Leo ilikuwa Alhamisi.

“Mama watoto,” Turubai aliita bila kuinua kichwa. “Inatosha. Njoo ndani.”

“Nakuja. Nikimaliza na wakala wako.”

*

Wifi yake Mama Masufuria, mdogo wa Turubai, ni karani katika ofisi inayopokea malalamiko ya wanunuzi. Anakaa dirisha la tatu, na mtu akikaa dirisha la tatu miaka tisa akisikiliza habari za friji zisizogandisha na viatu vilivyoachia soli, hashtuki kwa jambo dogo. Alipopigiwa simu hakusema “masikini”, wala hakusema “jamani”.

“Kaka alisaini makadirio?”

“Makadirio gani? Kuna karatasi kaandika juu ya boksi la plagi.”

“Alipigiwa simu kabla ya kazi?”

“Hakupigiwa.”

“Basi nisikilize, wifi. Nendeni leo. Usitukane.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Ukitukana, habari inakuwa ni matusi yako, siyo gari lako. Mwambie akuonyeshe vyote alivyovitoa kwenye gari. Kitu kikitolewa kwenye gari lenu bado ni chenu, hata kama kimekufa. Sufuria yako ikitobolewa kwenye shughuli ya watu, wanaitupa huko huko?”

“Wathubutu!”

“Basi nenda kadai sufuria yako.”

Mama Masufuria alikata simu akavaa viatu vya kutokea. Kuhusu kudai sufuria hakuhitaji kufundishwa na mtu. Kwenye shughuli za watu vyombo huchanganyika. Unapeleka mwiko mpya unarudishiwa wenye ufa, na anayekurudishia anakuapia kwa watoto wake. Ndiyo maana, mwaka walipopaka rangi geti lao, alilificha kopo lililobaki chini ya kitanda. Tangu siku hiyo kila kitu cha nyumba ile kina nukta ya kijani, kubwa kama ncha ya kidole gumba. Viti, sahani kwa chini, masufuria, miiko, ngazi, kamba. Alipoona mume wake anawaazima majirani jeki, akaitia nukta jeki. Ikanunuliwa betri mpya ya gari, nukta. Mwaka jana waliponunua alternata, aliizuia isifungwe mpaka rangi ikauke, na fundi wa siku ile akasubiri nusu saa akicheka peke yake. Mtaani watu husema Turubai mwenyewe anayo moja kisogoni, na kwamba ndiyo sababu havui kofia.

*

Gereji ya Profesa imezungushiwa mabati, na ardhi yake ni nyeusi ya oili, inanata. Profesa anaitwa hivyo kwa sababu ya koti lake jeupe refu kama la maabara, ambalo halichafuki kwa kuwa mwenyewe hashiki spana, anashika kalamu. Wateja huwakaribisha kwenye kiti cha gari kilichong’olewa na kuwekwa chini. Ni kiti laini, lakini kifupi, ukikikalia magoti yanakufika kidevuni, na Profesa anabaki amesimama juu yako.

Turubai alikaa. Mkewe, ambaye riziki yake ni viti, alikitazama kile akabaki wima.

“Karibuni, wazee wangu. Mmekuja kuchukua gari?”

“Tumekuja kuelewa kwanza,” alisema Mama Masufuria, kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia, sauti ya dirisha la tatu.

Profesa alivaa miwani iliyokuwa ikining’inia kifuani, akasoma lile boksi. Mkanda. Alternata mpya. Klachi mpya. Plagi nne. Rejeta kusafishwa na kupakwa rangi. Ufundi. Maegesho.

“Maegesho?”

“Gari limelala kwangu siku tatu, mama yangu. Hata mgeni akilala kwako anakula.”

“Mgeni wangu akitaka kuondoka namfungulia mlango.”

Profesa alicheka, na kucheka kwake kulikuwa kuzuri. Ndiko kulikomletea wateja wengi kuliko ufundi. “Mama, mimi siwezi kufunga mkanda mpya kwenye gari linalokufa. Ni kama kumvisha mgonjwa tai. Nikamuuliza mtu wenu, akasema fanya tu. Mlitaka nifanyeje?”

“Upige simu. Namba ya mume wangu imeandikwa ubavuni mwa gari, herufi za shibiri nzima. ‘Viti, Maturubai, Masufuria’, halafu namba. Hukuiona?”

“Kazi zilinizidi.”

“Sawa. Tuonyeshe vitu ulivyotoa.”

Profesa alivua miwani. Ni ombi dogo, lakini halikuzoeleka pale. Alimtuma fundi wake mmoja, ambaye alikwenda nyuma ya mabati, akakawia, akarudi na gunia. Akamwaga chini. Plagi zilikuwa sita.

“Gari letu linatumia nne,” alisema Turubai kutoka kule chini kwenye kiti.

“Za ziada, mzee wangu. Zawadi.”

Mama Masufuria alichutama, akaokota alternata iliyoungua, nyeusi tii. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaipangusa kwa ncha ya khanga yake, huku akijua doa la oili halitatoka tena.

“Hii siyo yetu.”

“Mama!”

“Yetu ina nukta ya kijani. Hapa chini, kwenye kitako.”

“Grisi inakula rangi, mama yangu. Na moto wa injini unakula kilichobaki.”

“Baba, nina sufuria iko motoni miaka kumi na miwili. Kwa chini ni nyeusi kuliko hii. Nukta ipo. Ile siyo rangi ya kucha, ile ni rangi ya geti.”

Profesa aliwageukia wateja wengine, watatu hivi, waliokuwa wameegemea magari yao. “Jamani, njooni mtoe ushahidi! Mama huyu anatafuta kijani kwenye alternata. Sijui aliipeleka saluni!”

Walicheka. Mmoja alicheka mpaka akapiga paja lake. Turubai alijaribu kuinuka haraka kutoka kwenye kile kiti, akashindwa, akarudi chini, na hapo wakacheka tena, mara hii kwa ajili yake. Alipofanikiwa kusimama alimshika mkewe mkono.

“Twende.”

“Gari halitoki mpaka karatasi iishe,” Profesa aliwasindikiza kwa upole. “Na kesho maegesho yanapanda, maana ni mwisho wa wiki.”

*

Walirudi kwa miguu. Kukodi gari la mtu mwingine Jumamosi kungemeza malipo yote ya shule yaliyobaki na kutafuna kidogo mfukoni mwao. Kumpigia Mwalimu Mkuu kumwambia hawaji ni kurudisha pesa ambazo hazipo. Waliyajua hayo wote wawili, kwa hiyo hawakuyazungumza.

“Ile alternata ilikuwa na mwaka mmoja tu,” Turubai alisema. “Ilikuwa haina neno.”

Hatua chache mbele mkewe alisimama katikati ya njia, baiskeli ikamkwepa.

“Jumanne,” alisema.

“Jumanne nini?”

“Jirani kafungiwa alternata Jumanne. Ya mtumba. Nzima kama yai. Kasema mwenyewe asubuhi.”

“Alternata ni nyingi.”

“Teksi yake na pikapu yetu injini si moja? Si mnaazimana mpaka plagi?”

Turubai aliongeza mwendo, na mkewe, ambaye kwa kawaida ndiye anayetangulia, akawa wa kumfuata nyuma.

Dereva Teksi alikuwa amerudi kupumzika mchana, mlango wa gari wazi, mguu mmoja nje. Kuwaona wote wawili wakija kwa mkupuo kulimfanya auvute mguu ndani.

“Jirani,” alisema Mama Masufuria, “naomba ufungue boneti.”

“Shemeji, asubuhi umenitukana mbele ya mtaa. Sasa hivi unanikagua? Mimi nimekuwa nani, basi la abiria?”

“Fungua tu.”

“Sifungui. Gari hili lina tajiri wake. Kila mtu akitaka kuchungulia, nitafanya kazi saa ngapi?”

Bombani, maji yalikuwa yamekatika tangu saa sita. Watu walikuwepo vilevile.

Turubai alisogea. Hakuwa mtu wa maneno, na kwa sababu hiyo, alipoyatoa, watu waliyahesabu. “Kaka. Nimeaibishwa leo, nimekalishwa chini kama mtoto. Fungua. Tukikuta si kweli, nitakuomba radhi hapahapa, hawa wote wakisikia.”

Dereva Teksi alivuta kile kijiti cha ndani, akaja mbele, akanyanyua boneti. Alternata ilikuwa imejaa vumbi na oili. Kutoka pale walipokuwa, Mama Masufuria na mumewe hawakuona kitu. Kitako chake kilielekea upande wa mwenye gari. Yeye ndiye aliyeinama, akachukua kile kitambaa chake cha kuoshea, akapangusa.

Aliiona yeye kwanza. Ndogo, ya mviringo, kijani kama geti la jirani yake.

Hakuna aliyejua ameona nini. Angeweza kunyanyuka na kusema hamna kitu, na kushusha boneti. Pale alipoinama alifikiria hesabu ya tajiri, ambaye alishamwambia ukikosa siku mbili naleta dereva mwingine. Alifikiria mke wake aliye zamu hospitalini mpaka Jumapili. Alifikiria pia lile neno, fanya tu, na jinsi lilivyokuwa tamu mdomoni mwake Jumatatu ile, akiwa amesimama gereji kama mtu mwenye magari mawili.

Akajisogeza pembeni.

“Njoo utazame mwenyewe, shemeji.”

Mama Masufuria alitazama. Hakupiga kelele za ushindi, na watu wa bombani, waliotegemea makubwa, waliona kama wamedhulumiwa.

“Nililipia,” alisema Dereva Teksi. “Elfu thelathini na tano. Mimi sikuiba.”

“Sijasema umeiba.”

“Nilikuwa nakuambia tu.”

“Nimesikia.”

*

Ijumaa walikwenda wanne kwenye teksi. Karani alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili kazini. Alikaa mbele, daftari la jalada gumu magotini, akala ndizi njia nzima, akaulizia watoto. Dereva Teksi aliliegesha gari katikati ya mlango wa gereji, wala asiulizwe na mtu, akafungua boneti na kuiacha wazi.

“Rafiki yangu, unaziba njia,” alisema Profesa akija na koti lake.

“Naziba.”

“Habari za kazi,” alisema Karani. “Mimi ni dada yake mwenye pikapu. Nafanya kazi ofisi ya malalamiko ya wanunuzi, ila leo nimekuja kama dada. Nina maswali machache.” Alikuwa ameshafungua daftari. “Nani aliidhinisha alternata?”

“Binti yangu, unaandika nini?”

“Unayosema.”

“Yaandikwe ya nini sasa?”

“Ili nisiyasahau. Nani aliidhinisha?”

Profesa alimnyooshea kidole Dereva Teksi. Wale wateja walikuwa wamesogea. Yule aliyepiga paja jana alikuwepo, gari lake bado juu ya mawe.

“Ni kweli,” alisema Dereva Teksi. Alikuwa akitokwa jasho. “Nilisema fanya tu. Gari si langu, na sikuwa na ruhusa ya kusema. Niliambiwa mkanda. Mengine niliyasema kwa sababu… nilitaka kuonekana. Andika hivyo hivyo, dada.”

Karani aliandika hivyo hivyo.

“Lakini Profesa,” aliendelea Dereva Teksi, “mimi nilisema ufanye. Sikusema uing’oe ya jirani yangu uniuzie mimi.”

Mama Masufuria alikuwa ameshafika kwenye boneti ya teksi. Alinyoosha kidole tu, na wateja, mmoja mmoja, wakainama kutazama kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Kisha wakahamia kwenye pikapu, maana Turubai alikuwa ameifungua nayo. Humo ndani mlikuwa na ile “alternata mpya” iliyoandikwa kwenye boksi, inang’aa rangi ya fedha.

Dereva Teksi aliigusa. Akacheka, kicheko kisicho na raha. “Hii yangu. Hii ndiyo mbovu niliyokuachia. Huu waya nilifunga mimi mwenyewe mwezi wa pili. Umeipaka rangi tu?”

“Imefanyiwa marekebisho,” alisema Profesa.

Turubai aliingia garini akawasha. Injini ilikubali mara moja. Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ikawaka, ikabaki inawaka. Aliiacha iwake hivyo kila mtu aione, halafu akazima.

“Naitaka yangu,” alisema.

“Mzee wangu, haya mambo tunayamaliza ofisini, kiutu uzima, karibuni kiti…”

“Kile kiti sikai tena.”

Pengine Profesa angepata la kujibu. Si mtu wa kuishiwa. Lakini yule mpiga paja alikuwa ameacha kucheka. “Samahani, fundi,” alisema. “Na mimi vitu vyangu vya zamani viko wapi? Ile pampu yangu?” Mwingine akasema, tukiwa tunatafuta, na yeye angependa kuiona rejeta yake. Profesa aliwatazama, akalitazama daftari, akalivua koti lake jeupe. Watu wake wa karibu wanasema ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitano kushika spana.

Mabishano yalichukua muda kuliko kazi. Maegesho yalifutwa bila kuombwa. Rejeta ilikuwa imepakwa rangi tu, ikafutwa. Plagi, Turubai alizitambua ni zilezile zake, zimesuguliwa kwa msasa, zikafutwa. Ilibaki klachi. Ile ilikuwa mpya kweli, imefungwa kweli, na haitolewi kwa saa moja.

“Hamkuagiza, hamlipi,” alisema Karani.

“Hatulipi,” alisema Mama Masufuria.

“Nitakuwa naikanyaga kila siku,” alisema Turubai.

“Kaka!”

“Ilikuwa inateleza, nyie. Mlimani nilikuwa napanda kwa dua. Bei ya dukani ya klachi nitalipa, mwezi ujao. Ufundi silipi, sikumtuma.”

Mkewe alimtazama kana kwamba naye alihitaji kutiwa rangi asije akachukuliwa na watu. Lakini hakubisha mbele za watu. Karani aliandika huku akivuta pumzi puani, Profesa akasaini, Turubai akasaini. Elfu nane ya mkanda ililipwa hapo hapo, ikakatiwa risiti, na Profesa ilibidi akaazime kitabu cha risiti duka la jirani.

Kila alternata ilirudi kwao. Kwa teksi hiyo ilimaanisha ile mbovu. Katika elfu thelathini na tano za Dereva Teksi, Profesa alikuwa na elfu ishirini mfukoni. Nyingine, aliapa, Jumatatu. Karani aliandika Jumatatu, akaandika na saa. Kisha akatazama saa yake mwenyewe, akatoka mbio kurudi dirishani.

Teksi ilikataa kuwaka. Betri ilikuwa imeisha kwa redio ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima.

Turubai alichukua kamba nyuma ya pikapu, ile ile ya Jumatatu, yenye nukta ya kijani kwenye fundo, akafunga ncha moja kwake na nyingine kwa jirani yake. Wakatoka hivyo, polepole, Mama Masufuria mbele na mumewe, Dereva Teksi nyuma peke yake, anashika usukani wa gari lisilo na sauti.

*

Saa tisa alasiri viti vilikuwa vimepangwa uani kumi kumi, tayari kupanda. Pikapu iliegeshwa kinyumenyume, taa ya betri imezimika. Mwalimu Mkuu alikuwa amepiga simu kuuliza kama kila kitu kiko sawa, akajibiwa kila kitu kiko sawa, kama vile wiki nzima haikuwa na mkasa.

Ng’ambo ya ukuta Dereva Teksi alikuwa bado amekaa garini. Simu yake iliita juu ya dashibodi. Alisoma jina la tajiri, akaiacha iite mpaka ichoke. Watu wa bombani walikuwa wamempitia mara mbili mbili, na mmoja alimuuliza kwa sauti kama sasa anafanya safari za kuvutwa. Alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Mama Masufuria alikuja akaegemeza viwiko ukutani. Tangu jana mchana hakuwa amemwambia neno ambalo halikuhusu gari.

“Wewe.”

“Naam, shemeji.”

“Umekula?”

“Nimeshiba.”

“Umeshiba nini? Nimekuwa nawe tangu asubuhi. Ulichokula ni aibu.”

Dereva Teksi alijikuta anacheka, akaacha.

“Kesho tuna viti mia tatu,” alisema Mama Masufuria. “Kupakia, kushusha, kupanga, kurudisha. Mume wangu mgongo hana. Nataka mtu, na nalipa siku.”

“Kwa hili sitaki kulipwa, shemeji.”

“Sijakuuliza unataka nini. Nimekwambia nalipa. Ukimpelekea tajiri wako chochote kesho, atakuvumilia mpaka Jumatatu. Ila kuna sharti.”

“Sema.”

“Mtu akikuuliza bei ya viti, unasema nini?”

Alifikiri. “Nasema kamuulize mwenyewe.”

“Haya.”

Dereva Teksi alishuka, akafunga mlango wa gari taratibu, akazunguka ukuta mpaka getini. Pale alisita; ndala zake zilikuwa na oili ya gereji, na ndani sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Turubai alikuwa ameshakaa mezani, kofia kichwani kama kawaida yake. Palikuwa na sahani tatu, zimefunikwa kifudifudi kuzuia nzi, na kila moja nukta yake ya kijani ikitazama juu. Turubai aliifunua ya tatu, akaisogeza upande wenye kiti kitupu.

“Vua hizo ndala hapo hapo,” alisema Mama Masufuria nyuma yake, “uingie. Chakula kinapoa.”